Samaki anapimwa joto kila saa, anayemkata hapimwi. Wageni wa biashara wanakuja Mwanza, tuwaulize nini?

Mpima Joto
Jumapili, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nilifanya kazi miaka kumi na mmoja katika idara ya ubora ya kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Jina la kiwanda silitaji, hata kwa PM (ujumbe wa faragha) msiniulize. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha samaki anatoka mwaloni, mitumbwi inakoshusha, mpaka anapakiwa kwenye ndege bila baridi kukatika. Lori likifika getini napima. Samaki akiwekwa mezani napima. Mnofu ukitoka mezani napima, ukiingia kwenye boksi na barafu napima tena. Maji ya kuoshea yana klorini kiasi gani, naandika. Nani kaingia bila kofia au gambuti, naandika. Ukinionyesha boksi lililofika Ulaya Jumatano, daftari langu lingekwambia lilitoka lori gani na mwalo upi.

Usiku mmoja mama mmoja alijikata kidole mezani. Nikafanya kazi yangu: nikaandika saa, nikaandika kilo zilizotupwa kwa sababu ya damu, nikaandika kwamba meza na visu vimeoshwa upya. Asubuhi niko kwenye daladala kurudi nyumbani ndipo ikanijia kwamba katika ukurasa mzima sikuandika kidole ni cha nani. Wala sikuandika kwamba mwenye kidole alikuwa anaunganisha zamu ya pili. Fomu haikuwa na sehemu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kulisema hadharani. Wakaguzi kutoka nje walipokuwa wanakuja, vibarua waliambiwa wabaki nyumbani siku hiyo. Kiwandani walibaki wenye mikataba tu, wenye sare mpya. Mimi ndiye nilikuwa napewa orodha ya namba za simu za kupiga.

Kwa nini nayasema leo? Wiki hii kuna ujumbe wa wafanyabiashara kutoka nchi moja inayonunua samaki wetu, wameongozana na watu wa ubalozi wao. Alhamisi watatembelea kiwanda. Jumatano jioni wana kikao na wafanyabiashara wa hapa, na mimi nimealikwa kwa sababu siku hizi nauza barafu na makasha ya baridi. Kwenye mwaliko wameandika watazungumzia "biashara yenye kuheshimu haki za binadamu". Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, nikakikumbuka kile kidole.

Wenye umri wangu mnakumbuka ya nyuma. Kipindupindu kilipoingia kanda hii mwishoni mwa 1997, Ulaya iliwafungia samaki wetu. Tukafunguliwa. Machi 1999 wakafunga tena, safari hii kwa sababu kulikuwa na watu wanaovua kwa sumu ziwani. Nilikuwa kijana, baba yangu ana mtumbwi mmoja Igombe. Waliotumia sumu walikuwa wachache, lakini mzee wangu alirudi na sangara ambao wakala wa kiwanda hakuwataka hata kwa bei ya kutupa. Tulikula sangara mpaka mdogo wangu akawa analia akiona sufuria.

Lakini tazameni kilichofuata. Mialo ikaanza kujengewa sakafu na mapaa. Wakaguzi wa samaki wakaongezwa. Maabara ya Nyegezi ikapewa uwezo wa kupima. Vikundi vya wavuvi vya BMU vikaundwa kulinda mialo. Yote yalianzia kwenye tumbo la mlaji wa mbali, na silaumu hilo, sisi pia tumefaidika. Ninachokiona ni kwamba mnunuzi akitaka kitu kwa dhati, kinapatikana. Anatuma mtu wake, mtu anafungua kasha, anachomeka kipimajoto katikati ya mnofu. Kwa yule anayeukata mnofu huo, anatuma fomu. Nimezijaza fomu hizo kwa mkono wangu. "Je, kiwanda kinaheshimu haki za wafanyakazi?" Ndiyo au hapana. Nani ataandika hapana?

Huko kwao wanajadiliana kama serikali itafute masoko au itetee haki za watu. Jambo hilo likifika mwaloni lina sura nyingine. Sitaki wafunge mlango, kwa sababu nilishauona ukifungwa. Wala sitaki waje, wapige picha na minofu, wapande ndege. Nataka haki iulizwe kama joto linavyoulizwa: bila taarifa, mahali penyewe, kwa mtu mwenyewe.

Ungepewa dakika tano Jumatano, ungewauliza nini? Naomba kuwasilisha.

---

Ng'wana Igoma
Jumapili, saa 3:15 usiku

Mkuu, nakuheshimu na nimekuelewa, ila mimi naogopa kufungua mlango huo.

Majirani zetu Waganda, tunaogawana nao maji haya haya, walitolewa kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Januari 2024, na haki za binadamu zilikuwa sababu iliyotajwa. Kuna mbunge Kampala aliyekosa mlo siku hiyo? Waliopata hasara ni wenye viwanda vidogo na watu wao. Na nchi zinazotoa adhabu hizo zinafanya biashara kubwa na mataifa yanayofunga watu midomo, kwa sababu yana mafuta. Haki inakuwa kali inapokutana na mdogo.

Halafu kumbukeni ile filamu iliyopigwa hapa kwetu, Darwin's Nightmare, iliyotoka 2004. Dunia nzima ikaambiwa Mwanza ni mahali pa mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani, na watoto wa mitaani. Ufaransa watu wakaanza kuitana wasile sangara. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea, watu hapa mjini wakaandamana. Nauliza kwa nia njema kabisa: yule mama aliyekuwa akianika mapanki alipata nini katika kelele zote hizo?

Mimi nina binamu wawili viwandani. Viwanda vingapi vimeshafungwa hapa Mwanza tunaviona? Mgeni akishtuka, anakwenda kununua samaki wa kufugwa Vietnam na maisha yanaendelea. Kwake yeye.

---

Mama Dagaa
Jumapili, saa 3:50 usiku

Mwadeela bose.

Mpima Joto, nimesoma mpaka mwisho na hicho kidole nimekihisi. Ila mnazungumzia Ulaya tu. Mimi niko soko la Mwaloni Kirumba, wateja wangu ni Wakongo na Warundi. Tangu nianze hakuna aliyeniuliza dagaa hizi nani kaanika. Wanauliza kama zina mchanga.

Niwaambie nani anaanika. Ni akina mama visiwani. Mtumbwi wa karabai unarudi alfajiri, dagaa wanamwagwa, mama anaanza kuwatandaza juu ya mchanga na mawe. Mvua ikishuka mchana mzigo umeoza, na mkopo wa tajiri uko pale pale. Ukitaka kuwahi dagaa wa mtumbwi wa kwanza huombwi hela peke yake. Wanawake wa visiwani wananielewa. Niliwahi kuombwa hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa, nikapanda feri nikarudi mjini, na nilibahatika kwamba nilikuwa na nauli.

Kwa hiyo nikipata dakika tano nitawauliza: mnaanza kuhesabu haki kutoka wapi? Kutoka getini kwa kiwanda? Basi mmeliacha ziwa lote nje.

Na nyie wanaume wa humu msisubiri mzungu aje kuuliza hilo.

---

Nahodha Kayenze
Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Mama Dagaa umesema kweli tupu.

Naongeza moja. Mwaka 2018 ilipita Operesheni Sangara. Lengo lilikuwa zuri, nyavu haramu zilikuwa zinamaliza samaki, na sheria ya wakati ule ya kuvua sangara wa kati ya sentimita 50 na 85 tu mimi niliiunga mkono. Lakini jinsi ilivyofanyika, mpaka bungeni kulichafuka. Nimeona nyavu zikichomwa na mwenye nyavu kapiga magoti. Nimeona faini ambayo mtu hailipi hata akiuza mtumbwi na injini. Hakuna mgeni aliyetuamuru tufanye vile. Tulikuwa tunalinda samaki wa kuuza nje, na katika kumlinda tukamkanyaga anayemvua.

Wageni waulizwe, ndiyo. Na sisi tuulizane.

---

Wakili wa Capri Point
Jumatatu, saa 4:05 asubuhi

Nimeupenda uzi huu, nitachangia upande wa sheria kidogo.

Ng'wana Igoma, hofu yako ina msingi, lakini nikusogeze mahali pamoja. Unazungumza kana kwamba haki za yule mama zinaletwa na ndege ya wageni. Hapana. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa za ziada zinalipwa angalau mara moja na nusu. Anayefanya kazi usiku ana nyongeza ya asilimia 5. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi. Hii imetungwa na Bunge letu wenyewe. Mgeni akiuliza kama inafuatwa hatuletei mila za kwao, anauliza kama tunajiheshimu.

Sasa kuhusu wao. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni Elekezi za biashara na haki za binadamu, kazi iliyoongozwa na Profesa John Ruggie. Watu wengi wanakumbuka nguzo zake tatu: dola ilinde, kampuni iheshimu, aliyeumizwa apate nafuu. Inayotuhusu Jumatano ni kanuni ya 4. Inasema kampuni inayomilikiwa na serikali, au inayopata msaada mkubwa wa serikali kama dhamana ya mikopo ya kuuza nje, serikali hiyo inapaswa kuchukua hatua za ziada kuhakikisha kampuni haiumizi watu. Ubalozi ukimshika mfanyabiashara mkono, ukamlipia maonyesho, ukamdhamini benki, hauwezi kusema baadaye kwamba hayo ni ya kampuni binafsi. Swali langu kwa mtu wa ubalozi ni hilo: kabla hamjamleta huyu hapa, mlimchunguza nini, na mkikuta baya mnamnyima nini?

Samaki wetu wanaingia Ulaya bila ushuru kwa sababu ya mpango wao wa tangu 2001 kwa nchi maskini zaidi, wa kila kitu isipokuwa silaha. Mpango huo una masharti ya haki za binadamu na za wafanyakazi. Mwaka 2020 Kambodia ilinyang'anywa nafuu hiyo kwa karibu sehemu ya tano ya bidhaa zake zinazokwenda Ulaya. Kwa hiyo rungu lipo. Ufaransa ina sheria tangu 2017 inayolazimisha kampuni kubwa kuchunguza zinakonunua, Ujerumani imeanza 2023, na Umoja wa Ulaya ukapitisha yake 2024, ingawa 2025 waliisogeza mbele.

Kinachonisumbua ni nguzo ya tatu. Watu wa Tarime walikwenda hadi London. Kesi ilifunguliwa 2013 kuhusu vifo na majeraha yanayodaiwa kutokea kwenye mgodi wa North Mara. Kampuni ilikana, na 2015 yakaisha kwa mapatano. Nyingine ikafunguliwa Ontario, Kanada, 2022, na Novemba 2024 jaji akasema pale si mahali pa kuisikiliza. Mtu anatoka Nyamongo, kando ya mgodi, kutafuta haki Toronto! Wakati wa kuuza, umbali hauonekani. Ukitaka kulalamika, ndipo unaambiwa uko mbali.

---

Babu wa Ukerewe
Jumatatu, saa 10:30 jioni

Wanangu, mnaulizana kama nchi inaweza kuacha fedha kwa ajili ya haki. Sisi tuliwahi.

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao wenyewe, Waafrika karibu wote wakiwa hawana kura. Nchi za Afrika zikakubaliana Uingereza isipochukua hatua, tuvunje nayo uhusiano. Desemba ilipofika Tanzania ilivunja. Waingereza walikuwa wametuahidi mkopo wa pauni milioni 7.5. Ukapotea. Nchi ina miaka minne tangu uhuru, barabara za lami za kuhesabu kwa vidole. Nilikuwa darasa la sita Nansio, mwalimu wetu akatueleza ubaoni pauni milioni saba na nusu ni madarasa mangapi. Tulikaa kimya. Kisha akasema, Mwalimu Nyerere amezihesabu pia.

Uhusiano ulirudi 1968. Rhodesia ilichukua mpaka 1980. Sisemi zile pauni ndizo zilizoikomboa. Nasema hatukuwa matajiri ndipo tukawa na msimamo.

---

Pamba Kwimba
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Shikamoo babu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili na najivunia historia hiyo.

Lakini tuiseme yote, babu, kwa heshima. Nchi hiyo hiyo iliyosimama kidete kwa Rhodesia, 1962 ilikuwa imetunga sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Na 1974 kijijini kwetu watu walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, bibi yangu aliiacha nyumba na mahindi yakiwa shambani. Nafikiri ndiyo maana naelewa serikali za nje zinavyoweza kusema haki Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, na kunyamaza kiwandani. Kutetea haki iliyo mbali na nyumbani ni kwepesi.

Mimi ni mkulima wa pamba. Wasukuma tuliwahi kuwa na ushirika wetu, Victoria Federation wa akina Paul Bomani, 1955, tukauza pamba yetu wenyewe bila mtu wa kati. Leo sehemu kubwa inaondoka ikiwa marobota. Inakwenda kukutana huko na pamba nyingine duniani. Marekani tangu Juni 2022 haipokei bidhaa za Xinjiang, jimbo la China, mpaka mwenye mzigo athibitishe hazikutokana na kazi ya kulazimishwa. Na mnakumbuka lile jengo la viwanda vya nguo lililoanguka Bangladesh, Rana Plaza, Aprili 2013, wakafa watu zaidi ya 1,100. Niliposikia habari ile redioni nilikuwa napalilia. Nikawaza, je, kama robota langu moja lilikuwa ndani ya jengo lile? Sina njia ya kujua. Tangu siku hiyo siwezi kusema haki ni jambo la mnunuzi peke yake. Hata mimi muuzaji naituma pamba yangu mahali.

Swali langu kwa wageni: mnazijua njia zote mzigo unakopita. Mbona sisi tunaoanzisha safari hamtuonyeshi?

---

Babu wa Ukerewe
Jumatatu, saa 2:55 usiku

Marahaba mjukuu. Ya 1974 ni kweli. Nami nilikuwepo.

---

Ng'wana Igoma
Jumanne, saa 1:00 asubuhi

Nimelala nikiwaza. Wakili, hilo la saa 45 limenigusa, kwa sababu jana usiku nilimpigia binamu yangu nikamuuliza anafanya kazi saa ngapi. Alicheka, akaniuliza kwa siku au kwa wiki.

Sijabadili msimamo wangu wote. Bado naogopa adhabu za nchi nzima, na nitaendelea kuziogopa. Ila nina swali ambalo sijaona mtu kalitaja. Ni bei. Mnunuzi anakuja na karatasi mbili mkononi. Moja imeandikwa haki za wafanyakazi, nyingine imeandikwa punguza senti kadhaa kwa kilo la sivyo nakwenda kwingine. Mwenye kiwanda anayo mafuta ya lori, barafu, umeme, ndege. Hakuna kati ya hivyo kinachokubali kupunguzwa. Kinachopunguzika ni kibarua. Kwa hiyo waulizwe: bei mnayotoa, mliwahi kuipigia hesabu kama inatosha kulipa saa za ziada za usiku kwa sheria ya Tanzania? Kama haitoshi, basi wao ndio wanaonunua hizo saa bila kuzilipia.

---

Nahodha Kayenze
Jumanne, saa 1:25 asubuhi

Hapo kwenye bei umepiga msumari. Wakala anatushusha sisi, kiwanda kinamshusha wakala, mnunuzi anakishusha kiwanda. Mimi namshusha nani? Vijana wangu wawili mtumbwini. Nimewahi, na sijisikii vizuri kulisema.

---

Mpima Joto
Jumanne, saa 7:40 mchana

Wakuu, wabeja sana. Nimeandika kila kitu kwenye daftari, lile lile nililokuwa napimia joto, lina kurasa tupu nyingi.

Mama Dagaa, umenirekebisha. Nilianza kuhesabu getini kwa sababu maisha yangu yalianzia getini. Lakini daftari langu lilikuwa linajua samaki ametoka mwalo gani. Kama tunaweza kumfuatilia samaki mpaka kisiwani, kwa nini swali lisimfuate? Nitalisema hivyo hivyo, na la wanawake nitalisema bila kulifunika. Ukinipa ruhusa nitatumia maneno yako bila jina.

Ng'wana Igoma, la bei ndilo nitaanza nalo, kwa sababu kwenye kikao cha wafanyabiashara ndilo litakalowafanya wainue vichwa. Mimi nilikuwa upande wa ubora, nilikuwa sizioni ankara. Lakini nakumbuka miezi ambayo bei ilishuka. Ndiyo miezi ambayo zamu ziliunganishwa. Nilikuwa nayaona yote mawili na sikuwahi kuyaweka pamoja.

Wakili, swali la ubalozi nakuachia wewe kama utafika. Kama hutafika, niandikie sentensi moja fupi isiyo na namba za vifungu, niisome.

Mzee wangu wa Ukerewe na mjukuu wako wa Kwimba, yenu sitayapeleka kikaoni, ila yamenisaidia kuamua jambo. Nilikuwa nimepanga kuuliza maswali kama mtu wa nje, mfanyabiashara wa barafu. Sasa nitasema nilikuwa ndani. Nitasema mimi ndiye nilipiga zile simu. Nikisema waliofanya ni wao, nitakuwa nafanya kile kile cha kutetea haki iliyo mbali.

Halafu nitauliza lile ambalo lilinifanya nifungue uzi: siku mnapotembelea kiwanda, mliwahi kuuliza ni nani hayupo leo?

---

Mama Dagaa
Jumanne, saa 8:05 mchana

Ruhusa umepata. Sema na jina langu ukitaka, nimeshakuwa mtu mzima.

---

Zamu ya Usiku
Jumanne, saa 3:30 usiku

Habari zenu. Nimejiunga leo, shemeji yangu ndiye kanitumia huu uzi. Simu ni yangu lakini naandika polepole.

Mimi nakata minofu. Ni kibarua, huu mwaka wa sita. Kiwanda sisemi. Saa moja jioni hii nimepigiwa simu, nimeambiwa Alhamisi nisije, nije Ijumaa. Sikuambiwa kwa nini. Wenzangu wa meza yetu wamepigiwa pia. Siku usipokwenda hulipwi.

Aliyepiga ana sauti ya upole, kama ana haya. Ndugu Mpima Joto, nimesoma ulivyoandika, sina kinyongo na wewe.

Nataka kuuliza. Hilo swali la nani hayupo, mtaliuliza kwa lugha gani? Kwa sababu mwaka jana wageni walipita wakati mimi nipo, walibadilisha ratiba ghafla. Mzungu mmoja mwanamke alisimama mbele yangu, akasema kitu, akawa ananiangalia usoni anasubiri. Aliyekuwa anatafsiri ni meneja wa zamu. Akaniambia, anauliza kama unapenda kazi. Nikasema ndiyo. Naye akamtafsiria, ila alizungumza maneno mengi kuliko niliyosema mimi. Mpaka leo sijui aliniuliza nini.

---

Wakili wa Capri Point
Jumanne, saa 3:48 usiku

Dada, pole na asante kwa ujasiri. Usiweke humu jina lako, la kiwanda, wala la mtaa unaokaa. Miaka sita mfululizo ya ukibarua ni jambo la kuangaliwa kisheria, ukiwa tayari niandikie PM, sitakutoza kitu.

---

Mpima Joto
Jumanne, saa 4:10 usiku

Dada, nimesoma nikiwa nimesimama dukani, nikafunga duka.

Alhamisi baki nyumbani kama ulivyoambiwa. Usije ukasimama getini, wala usimtume mtu. Jina lako silijui na sitalitafuta.

La mkalimani sikuwa nalo kabisa. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nasimama pembeni ya meza hizo na wageni, namsikia meneja akitafsiri, na masikio yangu yalikuwa kwenye mashine ya barafu.

Nimemwandikia sasa hivi yule mwandaaji wa ubalozi aliyenitumia mwaliko. Nimemwomba mambo mawili: Alhamisi waje na mkalimani wao wenyewe, na warudi Ijumaa bila kumwambia mtu. Hajajibu bado. Kesho saa kumi na moja jioni nitakuwa pale hotelini mapema, nimsubiri mlangoni.